Historia ya Mwalimu Husni Badawi, Aliyeandika kutoka Ghorofani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kwa idhini yenu kina mama mliokuja kutusomea khitma leo siku ya tatu, mimi Mwanamkisi, mke mkubwa wa marehemu, nimeombwa na familia niwasomee maisha yake, na walioniomba wanaijua tabia yangu.

Mwalimu Husni Badawi alizaliwa Faza tarehe 4 Machi 1957, akasoma shule ya msingi huko huko, akaja Amu kwa masomo ya sekondari, akahitimu ualimu Mombasa mwaka 1979, na Januari iliyofuata akaanza kazi Mbwajumali, alikofundisha Kiswahili, akiwasisitizia wanafunzi kwamba kabla ya kuandika hadithi waamue kwanza nani anaisimulia, na kwamba aliyekuwa jikoni asisimulie ya sebuleni kana kwamba aliyaona.

Alinioa tarehe 12 Juni 1981, tukajaaliwa watoto wanne, tukahamia Amu mwaka 1988, na tarehe 9 Agosti 1996 akamuoa Bi Alawiya, mwenzangu huyu aliyeketi karibu na dirisha, wakajaaliwa binti mmoja, Razan. Mimi nilibaki chini, yeye akapewa ghorofa ya juu, na kwa miaka ishirini na minane nimezisikia nyayo zao juu ya kichwa changu.

Mwaka 2009 alichapisha riwaya yake ya pekee, habari za nyumba yenye wake wawili, na mlioisoma mnajua kwamba anayesema “mimi” humo, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ni mke mdogo, ambaye mawazo yake tunayasikia hata akichana nywele, ilhali mke mkubwa ni mlio wa vyombo kutoka chini. Niliona wivu, na bado ninao. Wivu wa zamu niliuzoea, kwani siku zake ni haki yake, lakini kupewa na usemi pia, hilo lilinichoma. Nilipomuuliza alicheka, akanambia, “Nimejaribu kukupa wewe mara tatu, Bi Mwanamkisi, na zote tatu kitabu kikawa kesi, mshitakiwa mimi.” Sikumsemesha siku kumi.

Alistaafu mwaka 2017, akapatwa na kiharusi tarehe 2 Februari 2024, akatibiwa hapa Amu na kisha Mombasa, akarudishwa nyumbani, na akafariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 18 Septemba. Hapa jana niliandika kwamba aliniegemea mimi, akaniomba maji, akatamka shahada mkono wake umo mkononi mwangu, na nimeyaandika vizuri, mngelia. Sikuwako. Ilikuwa zamu ya Alawiya, mimi nilikuwa chini nimelala, Razan akaja kuniamsha, na nilipofika juu ameshafumbwa macho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba kwenye ngazi zile kila wiki zamu ilipobadilika, walimu wenzake wa hapa Amu, na wale wa Mbwajumali waliovuka maji kuja kumzika. Pumzika, Mwalimu, katika amani ya Mola wako.

Ile sehemu ya mwisho wake nimeifuta kwa kalamu. Bi Alawiya, mwenzangu, njoo usimame hapa ueleze alivyokwenda, nami nitakaa na hawa kina mama nikusikilize, kwani sijui.