Visigino Ndani ya Ghala la Ilomba

Kijiwe cha Ilomba kimeegemea ukuta wa ghala la mpunga ambalo zamani lilikuwa ukumbi wa sinema. Alasiri ile ya Juni wazee walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti, kahawa mkononi, kitu kikaanza kugonga ndani ya ghala. Taka-taka-tak. Taka-tak. Kimya. Halafu tena. Mlango ulikuwa na kufuli. Mzee Muhidini, waliyemwita Mashine kwa vile ujanani ndiye aliyezungusha filamu humo, aliutambua mdundo ule kabla ya wenzake.

— Mabati hayo, alisema Gerson Breki, dereva mstaafu. Yanasinyaa na baridi.

— Bati halifuati mdundo, alijibu Isakwisa, fundi viatu, waliyemwita Profesa. Hicho kisigino, na soli yake ina chuma.

— Basi panya.

— Panya kavaa kiatu?

Breki alimgeukia Muhidini.

— Mashine, si ndo wale jamaa zako wa suti, wa kwenye filamu? Wanacheza wanapanda ngazi, nyuma tarumbeta zimejipanga kama jeshi?

— Ndo wenyewe, alisema Muhidini. Muziki ule ukitoka nao ukumbini, miguu hailali.

Akawaambia habari za mdogo wake, Farhan. Wao wawili walipigilia vizibo vya soda kwenye soli za viatu vyao, na watu wakishatoka wanapanda jukwaani: mmoja anagonga, anasubiri, mwenzie anajibu. Farhan alimalizia kwa kuburuta mguu wa kushoto, makusudi tu. Homa ilimchukua kabla hajaota ndevu.

Ndani: taka-taka-tak, taka-tak. Halafu mburuto.

Muhidini aligeukia mlango.

— Mimi naona hivi, Profesa alinong'ona. Wale wachezaji wote wameshakufa, na kwao wamesahaulika. Sasa wanakuja anakoishi mtu anayewakumbuka.

— Basi watakuja wote na tarumbeta zao, alisema Breki. Hapa Ilomba tutawaweka wapi?

— Huyu hajatoka mbali, alisema Muhidini. Anasubiri nijibu.

— Usijibu, Mashine.

Lakini alishachukua vikombe viwili vya muuza kahawa. Akavigonganisha: taka-taka-tak, taka-tak.

 Kisha jibu likaja, safari hii likitokea nyuma ya mlango kabisa.

Ndipo lori la Fuso likasimama. Nkuba, dereva kutoka Ubaruku, akateremka na funguo.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, Breki peke yake aliitikia.

Nkuba alifungua mlango. Magunia yalikuwa yamebanana ukuta kwa ukuta, sakafu hadi bati, safu ya kwanza ikigusa mbao za mlango.

— Mbona mmekodoa macho?

— Kuna mtu anacheza humo, alisema Profesa.

Nkuba alijaribu kupitisha kiganja kati ya gunia na gunia. Hakikupita.

— Sasa anachezea wapi?

  Muhidini alisogea, akabandika sikio kwenye gunia na kukaa hivyo, macho amefumba. Alipojitoa, mashavu yake yalikuwa yamelowa.

— Pakia taratibu, mwanangu, alimwambia Nkuba. Yuko huko nyuma ya magunia, na bado ni mtoto.