Pini ya Nondo Imekufa Mofu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, tela lilichomoka kwenye trekta likaua mtu. Mengine yote tutakayosoma yanatoka hapo.

KARIBU

Shikamoo, na karibu Mofu. Barabara umeiona mwenyewe, hatuisemei. Sisi ni madereva wa matrekta na wakulima wenye mizigo, tumekaa chama kimoja.

TULIKOTOKA

Trekta na tela vinashikana kwa pini. Pini ya dukani ikipotea au ikilika, tulikuwa tunakata kipande cha nondo kwenye mabaki ya ujenzi, tunachomeka, tunaondoka. Kila dereva aliyeko hapa alifanya hivyo. Tuliiita pini ya mkulima, tukacheka.

Nondo ni nyembamba kuliko tundu. Inacheza, inalika, na kwenye shimo inaruka. Chini haikuwa na kufuli, na mnyororo hatukufunga. Tena magunia tulirundika nyuma, maana ndiko rahisi kupakia, na ulimi wa tela, ule mkono wa mbele unaoshikana na trekta, ukanyanyuka.

Mavuno ya mwaka jana, trekta likipanda kutoka kwenye kalavati ya njia ya Idete, nondo ilitoka. Tela likarudi nyuma, likapinduka. Alphonce, mkulima mwenzetu, alikuwa amekaa juu ya mpunga wake.

Wilaya ikatuzuia kuvuta mzigo kupita Idete. Hatukubisha.

TULICHOFANIKISHA

Baada ya mazishi mjane wake, mama Wilhelmina, alikuja kijiweni kwetu. Hakulia. Alisema, "Nyie mna midomo. Mimi nataka pini."

Tangu siku hiyo utaratibu wa Mofu ni huu: anayekagua ni mwenye mzigo, siyo dereva. Anaishika pini kwa mkono wake, anaitikisa. Ikicheza, hata gunia moja halipandi.

Mwanzoni tuliona tunadhalilishwa. Venance, ndiye aliyekuwa akiendesha siku ile, alimwambia, "Mama, nimeshaangalia."

"Umeangalia kwa kutumia nini?"

"Kwa macho."

"Macho yako hayo hayo? Sogea, nitie mkono."

Venance akasogea. Sote tukasogea.

Leo tunanunua pini ya chuma kigumu inayojaza tundu, inayoweza uzito tunaovuta kweli, siyo uzito tunaousema. Chini ina kufuli. Minyororo miwili inapishana chini ya ulimi, ili ukichomoka udakwe usifike ardhini. Mzigo unazidi kidogo mbele ya ekseli. Asubuhi tunafuta tope na kupaka grisi, na pini iliyolika tunaitupa hata kama sura bado nzuri.

Siku hizi akina mama wakiliona trekta kwa mbali wanapaza sauti, "Simama, tutikise!" Venance anawajibu, "Tikiseni, ila msiing'oe, nina safari!"

Mgeni rasmi, mavuno ya mwaka huu yameisha. Mvua ilikula barabara, mashimo yakaongezeka, na hakuna tela lililochomoka. Hata moja! Tunajisifu, na tuna haki ya kujisifu.

TUNAPOKWAMA

Bado tunaishia Idete. Mpunga unashushwa chini, unaloa, unapakiwa upya kwenye lori mpaka mashine za kukoboa za Mlabani. Mkulima analipia safari moja mara mbili. Halafu kuna watu wanapaka nondo rangi na kuiuza kama pini mpya. Hao tunawafukuza wenyewe.

TUNACHOOMBA

Fedha hatuombi. Tufungulie njia mpaka Mlabani.

Kama karatasi hii haikutoshi, tela liko hapo nje, limeshapakiwa. Mama Wilhelmina atakuonyesha pa kushika. Tikisa. Ikicheza endelea kutuzuia, na hapa hakuna atakayenung'unika.

Mungu akufikishe nyumbani kama mpunga wetu unavyofika sasa, mzima bila kumwagika. Ni sisi, Umoja wa Madereva na Wenye Mizigo, Mofu. Msomaji wenu ni Egidius, dereva.

Na utaratibu huu umetugharimu hivi. Pini, tumenunua. Kufuli, tumenunua. Minyororo na grisi, tumenunua. Alphonce, mume wa Wilhelmina, mtu mmoja.