Elizabeth Nkya na Viwavi Wake wa Hariri

Wapendwa waombolezaji, historia hii inasomwa na mdogo wa marehemu, Yoramu, kwa niaba ya familia, naye ameiandika mara tatu, na mara mbili aliruka sehemu inayomhusu.

Elizabeth Elisaria Nkya alizaliwa Machame tarehe 3 Mei 1948, akasoma hapo hapo hadi darasa la nane mwaka 1963, akaacha shule ili Yoramu asome, na hakuwahi kumsimanga. Tarehe 12 Desemba 1970 alifunga ndoa na marehemu Eliezeri, wakajaliwa Brenda na Praygod.

Kahawa ilipoporomoka bei, mwaka 1993 alipanda miforosadi, miti ambayo majani yake ndiyo chakula cha viwavi wa hariri, akawafuga pamoja na akina mama tisa. Ugonjwa ulipoingia, viwavi wakilegea na kuoza kwenye trei, alichemsha mwarobaini na kitunguu saumu, akayanyunyizia majani kabla ya kuwalisha, akiandika kila kitu kwenye daftari, hadi vifo vikapungua.

Tarehe 9 Machi 1997 alikwenda mkutanoni Bomang'ombe, akamwachia Yoramu kazi ya kulisha. Yoramu, mtu wa kahawa tangu ujana, akaidharau ile sufuria ya mwarobaini, akaimwaga, akayapiga majani dawa ya kuua wadudu wa kahawa, asifikiri hata kidogo kwamba kiwavi naye ni mdudu. Kesho yake viwavi walikuwa wamekufa wote. Akina mama wakasema dawa ya Elizabeth ni sumu, wengine wakanong'ona uchawi, kikundi kikavunjika, naye Yoramu alikuwa amekaa nao benchi moja, kimya. Amenyamaza miaka saba, na leo anaona aibu hata kuishika karatasi hii.

Elizabeth alianza upya peke yake. Juni 2003 aliugua figo, akafariki tarehe 20 Februari 2004. Juzi Brenda alifungua lile daftari, akakuta mama yake ameandika, kwenye siku ile viwavi walipokufa, kwamba viwavi walinuka dawa ya kahawa, Yoramu asiulizwe, atasema mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Machame, na wale akina mama tisa, ambao Yoramu anawaomba radhi. Kwa desturi yetu aliyeletewa isale, jani la kuombea msamaha, hakatai kusamehe, lakini dada hakuletewa akiwa hai, analetewa leo, juu ya jeneza.

Pumzika kwa amani, dada. Yoramu amesema.