Arosto ya Birika

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lilikuwa na miguu mitatu na tofali, na asubuhi hiyo hata tofali lilionekana limenuna. Mama Birika, muuza kahawa, alikwenda kumtazama binti yake aliyejifungua, na tangu juzi kijiwe kilikuwa kikavu. Mzee Ugoro alikishika kichwa chake kwa mikono miwili kama mzigo wa mtu mwingine. Kinyozi alipiga miayo mpaka taya zikalia. Digrii, aliyesomea kemia miaka yote ile kisha akaja kubobea katika kukaa benchi, alikuwa na hasira. Lakini hasira kwake ni nguo ya kila siku, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Pembeni kabisa, tako moja hewani, alikaa Mpole, mdogo wake Kinyozi, aliyeacha unga wa kulevya. Kila asubuhi alipitia kituo cha afya akanywa dawa yake mbele ya nesi, kisha akaja hapa kuomba kitu kimoja tu: arudishiwe mashine ya kunyolea.

— Kaka, nijaribu leo. Kichwa kimoja.

— Kichwa cha nani? Natafuta wateja mimi, sitafuti kesi. Teja ni teja. Kaa hapo upunge upepo.

Mpole akatabasamu, akatulia. Digrii damu ikamchemka. Yeye ameambiwa “tutakupigia” na maofisi mpaka simu yenyewe inamwonea huruma. Anaijua sauti ya mlango unaofungwa kwa adabu. Huu wa Kinyozi hata adabu haukuwa nayo.

— Punguzeni sauti, kichwa kinapasuka, Mzee Ugoro akalalamika. Ni ule mnara wa simu. Wameuwasha juzi.

— Mnara upo tangu mwaka jana, mzee wangu, Digrii akasema.

— Ulikuwa unafanya mazoezi!

— Mnara wapi, Kinyozi akadakia. Ni rangi ya duka la jirani. Ile kijani inalaza watu. Mnadhani hospitali wanapaka kijani kwa urembo?

— Kwa hiyo wewe umelazwa? Digrii akauliza.

— Basi ni silaha! Kinyozi akang'aka. Watu watatu, ugonjwa mmoja, siku moja? Kuna nchi inatufanyia majaribio.

— Nchi gani ihangaike na nyinyi? Ikishawateka iwafanyie nini, iwalishe?

Digrii akasimama. Akishasimama, kijiwe kinajua lekcha imeanza.

— Very simple, yaani mpaka aibu. Hii ni withdrawal, wazee.

— Withdrawal! Mzee Ugoro akacheka mpaka ugoro ukamtoka puani. Ya benki gani, Digrii, na akaunti huna?

Benchi zima likalipuka, tofali likateleza, Mpole akalirudisha kwa mguu huku akijifuta machozi ya kicheko.

— Sizungumzii pesa, nazungumzia mwili unaodai ulichozoea! Kichwani kuna kengele ya usingizi. Kahawa inaiziba. Ukiiziba kila siku, ubongo nao mjanja, unatundika kengele nyingine. Sasa Mama Birika kasafiri, zote zinalia kwa mpigo. Mishipa inatanuka, kichwa kinagonga. That's it!

— Mimi kichwani sina kengele, Kinyozi akasema. Nina akili.

— Ndiyo maana hakuna kinacholia.

— Kitaa tunaiita arosto, Mpole akasema taratibu.

Kinyozi akaruka kama kakalia sindano.

— Hiyo ya kwenu! Usituchanganye. Yetu sisi ni uchovu.

— Sawa, kaka. Ya kwetu kali zaidi. Mifupa kama inasagwa, kamasi, kutapika, tumbo linaendesha, ngozi inakuwa ya kuku aliyenyonyolewa, miguu inarusha mateke yenyewe. Ila mwanzo wake kama huu wenu. Unaanza kwa miayo.

Kinyozi alikuwa ameshaachama. Akaufunga mdomo.

— Afadhali mimi natumia ugoro, Mzee akajisifu. Dawa ya mafua.

— Mafua yamekuanza lini, mzee? Digrii akauliza.

— Tangu nianze ugoro.

Hapo akatokea kijana wa suruali ya suti na fulana ya ndani, anahema.

— Wazee, ndevu, haraka! Naoa mchana huu.

Kinyozi akamvuta ndani. Mashine ikaanza kunguruma. Ikanguruma, ikanguruma, pale pale, mahali pamoja. Mara bwana harusi akatoka na kitambaa shingoni, shavu moja jeupe kama yai, jingine msitu.

— Samahani, wazee. Kinyozi wenu kalala.

— Kalala?

— Kasimama, lakini kalala.

Kinyozi akatokea nyuma yake, mashine mkononi, akifikicha macho.

— Nilikuwa napima.

— Unapima huku unakoroma?

Bwana harusi akawatazama: mmoja kidole puani, mmoja anasinzia wima, msomi kaminya paji la uso.

— Huko njiani nimeonywa hapa kuna teja, nisikubali anishike. Naomba kuuliza tu: ni yupi?

Kinyozi akamtazama Mzee Ugoro, Mzee akatazama kikopo chake cha ugoro. Digrii, mwenye jibu la kila kitu isipokuwa la kazi, akainama kulisukuma tofali lililokuwa limekaa sawa.

— Ni mimi, bosi, Mpole akasema.

— Wewe? Una usingizi?

— Sina.

— Kichwa kinauma?

— Nimeshakunywa dawa yangu. Niko sawa.

— Basi njoo, kaka, bibi harusi haolewi na nusu mtu!

Kinyozi hakusogea mlangoni. Digrii akabana pumzi. Akajikuta anaomba kama aliyeitwa kwenye usaili ni yeye. Kinyozi akapuliza nywele kwenye meno ya mashine, polepole, akamnyooshea mdogo wake.

— Umchonge kama nilivyomchonga mimi upande ule.

— Nikikufuata wewe, kaka, harusi imevunjika.

Kicheko hakijaisha, vikombe vikasikika vikigongana kwenye kona. Mama Birika! Wakamkimbilia wote watatu.

— Jamani, mmekuwaje?

— Mnara wa simu, Mzee Ugoro akasema.

Kinyozi akapokea kikombe cha kwanza. Akakinusa, akameza mate. Kisha akaingia nacho ndani, mashine ikiwa bado inanguruma, akakiweka mbele ya kioo, upande wa mdogo wake, akarudi mbio kwenye foleni akipiga miayo.