Sura za Wakata Miwa

Sogeeni, wanangu, nyote watatu, na wewe Leith zima hiyo runinga, maana nina maneno na sina pumzi ya kuyarudia. Daktari aliwanong'oneza nyinyi kule barazani, mimi hakuniambia kitu, lakini nilisikia. Rhonda, acha kulia kwanza. Nina hasira, na sitaki kwenda nayo kaburini, kwa hiyo leo naitoa yote mbele yenu.

Garth, umeuza sanamu za baba yako. Usinitolee macho. Yule mwenye baa wa mjini Brisbane alipiga simu hapa kuuliza lori lake lipitie geti lipi siku ya Alhamisi, akadhani anaongea na Rhonda, nami nikamwacha aseme mpaka akamaliza. Atazipanga ukutani, walevi wapige nazo picha. "Dada yangu, watu watakufa kwa kucheka," akaniambia. Mimi niko hai, banda la sanamu hizo ni langu kwa jina na kwa haki, na mwanangu wa kumzaa amekwenda kutia sahihi kana kwamba nimeshazikwa.

Sikilizeni basi, maana mlikuwa wadogo na mnayoyajua ni ya kuokoteza. Baba yenu alipojenga bustani ya burudani kando ya barabara kuu, mji mzima wa Mackay ulisema Mervyn amerukwa na akili. Lakini watalii waliokuwa wakienda kaskazini walisimama, wakapanda farasi wa mbao wa kuzunguka, wakateleza kwenye bwawa, wakaondoka wanacheka. Moyo wake lakini ulikuwa kwenye lile banda. Unakaa kwenye behewa la treni ya miwa, unaingia gizani, unaziona sanamu za wakata miwa wa zamani zikiinua mapanga kwa nguvu za mota, moto unawaka huku na huku kama tulivyokuwa tukichoma shamba kabla ya kukata, na mwishoni majivu yanakudondokea kichwani. Majivu ya kweli. Kwetu yakianguka tunajua msimu umeanza, kiwanda cha sukari kitanguruma, wanaume wana kazi, na mama zetu walikuwa wakiyalaani kwa kuchafua nguo zao kwenye kamba huku uso umejaa furaha. Katika bonde letu zima hakuna aliyewaza kwamba mtalii wa mjini Melbourne anaona uchafu tu.

Siku ya kufungua walikuja wote. Bi Ettie Tanna, ambaye babu yake aliletwa kwa meli kutoka visiwa vya mbali kuja kukata miwa, alisimama ndani ya behewa akasema, "Simamisha, Merv. Huyo ni babu." Mervyn alizifinyanga sura zile akitazama picha ya kikosi cha zamani cha wakata miwa. Hakuwa fundi, pua zilikwenda upande, macho yalitoka kupita kiasi, lakini walikuwa ni wao. Na wa nne kutoka mlangoni ni baba yangu, Salvu Cutajar, aliyetoka Malta akiwa kijana. Upepo uligeuka kwenye shamba la akina Harbeck, moto ukamzunguka, na jeneza tulilozika lilikuwa jepesi mno. Sura yake ninayoweza kuigusa ni hiyo moja.

Halafu wakaja watalii. Watoto walitoka wakilia, nguo nyeupe zimegeuka nyeusi, mama zao wakatutukana dirishani pa tiketi. Gazeti likaliita banda la maiti. Na watu wa bonde, waliolia siku ya kwanza, hawakurudi tena, kwani nani atoke shambani na majivu mwilini aje amwagiwe mengine? Mabehewa yakawa yanazunguka matupu. Baba yenu akawa anapanda peke yake, ati mota zisishike kutu. Nyinyi mlimcheka. Leith, ulikuwa ukiiga mezani jinsi sanamu zinavyotikisa shingo, na baba yako anakula kimya. Siku zile nami nilinyamaza. Leo sinyamazi.

Bustani kubwa za kusini zikatumaliza, farasi wakauzwa, bwawa likafukiwa. Banda alikataa kuliuza mpaka anakufa. Sisemi lilikuwa zuri, mimi mwenyewe lilinitia kichefuchefu kila nilipopanda. Lakini kitu kibaya si lazima kiwe kichekesho. Na juzi, Garth, nilipokuuliza, ulinijibu nini? "Mama, ni plasta tu na mota." Plasta tu. Babu yako huyo.

Nipeni maji. Kidogo tu, yatosha.

Kesho lifungueni banda, Alhamisi lori likute banda tupu, na huyo wa Brisbane mwambieni aje anidai mimi. Kila sanamu irudi kwa watu wake. Ya babu yake Bi Ettie, maana mwenyewe hayupo tena, mpelekeeni binti yake, mumwombe radhi kwa kuchelewa. Wasioitaka yao, waulizeni kwa adabu kama mnaweza kuizika. Ardhi gawaneni sawa, mjenge, mfuge mbuzi, sijali, ila nisisikie mmeburuzana mahakamani.

Salvu anakwenda kwako, Garth. Msimamishe kwenye chumba cha kulia chakula, mbele ya kiti chako. Mkeo akifoka, mwambie ni amri yangu. Utakula ukimtazama, na wanao watauliza huyu ni nani, nawe utawatajia jina lake na kifo chake mpaka mwisho. Siku utakayoweza kuyasema hayo bila kucheka, mfanye utakavyo.

Rhonda, shusha mto. Hapo. Mungu awalinde, awape... awape watoto wenye heshima kuliko nyinyi. Leith, nimekusamehe ya mezani. Baba yako alikusamehe zamani, mimi ndiye niliyechelewa.

Garth. Njoo. Hata wewe nakubariki, hasira yangu haijafika huko. Nipe mkono nishike. Siyo huo uliotia sahihi. Huo mwingine.