Alama kwenye Nyasi za Plastiki

Ndani ya basi la mji wa Mesa, Marlys alisikia abiria wawili wasiojuana wakibishana kwenye kiti cha mbele yake. Mmoja, mzee aliyejitaja kuwa Verlon, alisimulia kwamba alimtandikia mkewe nyasi za plastiki uani, zenye vishimo vya gofu, kwa kuwa miguu ilimwishia nguvu na uwanjani hakuweza kwenda tena.

"Akafurahi?" mama aliyeketi naye aliuliza.

"Alizipapasa, akacheka kwamba hazina harufu ya nyasi. Wiki ile ile akafariki."

"Zing'oe, mzee wangu. Panda mti."

"Nizing'oe! Alama za kiti chake cha magurudumu zipo bado. Fundi alisema nizisugue nyasi kwa brashi ziinuke, sijathubutu."

"Lakini nyasi zitainuka zenyewe, hata usipozigusa, na alama zitapotea."

Basi likasimama. Mzee akashuka, na Marlys akashindwa kumtazama usoni.