Watoto Tisa wa Mzee Silvesta

Juu ya lori la pamba, Lukresia alijifanya amelala. Usingizi wa umbea hauna mkoromo.

"Redio imesema Wachina sasa wazae mtoto mmoja tu," mwalimu kijana alimwambia mzee Silvesta.

"Mmoja!" Mzee akashika kichwa. "Akiwa wa kiume, bila dada wa kuolewa, ng'ombe wa mahari atawatoa wapi? Na uzeeni, nani atamshika baba yake mkono?"

"Kwani wewe unao wangapi, mzee?"

"Tisa! Wote wako Nyarugusu, wanachimba dhahabu."

Lukresia akabana kicheko. Lori likasimama njia panda ya hospitali, Kolandoto. Mzee akachungulia chini, kisha akamnyooshea mwalimu mkono.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "hebu nishushe."